Msichana wa Ndani ya Ngoma

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama msichana shujaa wa hadithi za majini na wachawi anaweza kuwajengea binti zetu imani na kujiamini, limenigusa sana, na nilikaa kuandika nikiwa nimeazimia kujibu hapana. Imani mtoto huipata chuoni, yaani madrasa, na kwa wazazi wake. Lakini kwangu mimi la kuulizwa kwanza ni nani aliyekaa na binti huyo hadithi inaposimuliwa.

Wengi mnaijua ngano ya msichana aliyesahau kombe lake ufuoni, akarudi peke yake kulichukua, zimwi likamkamata na kumtia ndani ya ngoma, kisha likazunguka naye mji hadi mji, lenyewe likipiga na yeye akiimba. Nyanya yetu alitusimulia ngano hiyo uani kwake, Mji wa Kale, baada ya sala ya isha, umeme ukiwa umekatika. Tulikuwa na binamu mmoja, binti mpole mno, ambaye mbele ya wageni hakuinua uso, na chuoni akiitwa asome, sauti ilikuwa haitoki. Usiku huo hadithi ilipofika penye ngoma, nyanya alimfunika leso gubigubi, akatupa sisi sinia tupige, akamwambia, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyemo ngomani. Mamako yuko hapa katikati ya watu, hajui kuwa ni wewe. Sema bismillahi, kisha uimbe mpaka akujue." Tukapiga sinia, kimya. Tukapiga tena. Nyanya hakumhimiza wala hakutuachia tucheke. Aliketi akimngoja, mkono wake juu ya leso. Mara sauti ikatoka, nyembamba na ya kutetemeka, na ndani ya wimbo akatia jina la mapenzi ambalo mamake peke yake ndiye aliyemwita, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Mamake, aliyekuwa jikoni akikuna nazi ya mbaazi za asubuhi, aliinuka kwenye mbuzi, mikono imejaa machicha, akaja kumfunua.

Sidai kwamba ngano ile ndiyo iliyomwezesha baadaye kusoma mbele ya umati wa Maulidi, kwani mwalimu wake wa chuoni ana fungu kubwa katika hilo. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo ile hapana yangu inavyonipotea. Binti yangu sasa anamsoma Lucy, msichana wa hadithi za Narnia za mwandishi C. S. Lewis, ambaye katika kitabu cha Prince Caspian cha mwaka 1951 anamwona simba Aslan peke yake, wenzake hawamwamini, naye anaambatana nao kwa huzuni. Baadaye simba anamfahamisha kuwa ilimpasa amfuate hata kama hakuna mwingine atakayekwenda. Lewis aliandika kwa imani yake ya Kikristo, nami ni Mwislamu, kwa hiyo yapo ambayo lazima nimweleze mwanangu kwamba sisi hatuyaamini hivyo. Lakini kusimama na haki ukiwa peke yako ni jambo ambalo nataka alijue mapema, na Lucy analionyesha vizuri.

Basi jibu langu ni ndiyo, mradi mzazi asome naye, na mradi ngano zetu zisiachwe nyuma. Ila binti anayeonewa shuleni au nyumbani asipewe kitabu akaachwa nacho. Huyo anahitaji mtu mzima wa kwenda kumsemea, siku hiyo hiyo.

Msomaji, Mombasa