Siku moja Bangkok bila mwongozaji

SWALI: Mimi na mke wangu tutakuwa na siku moja huru Bangkok. Tuone nini bila kukimbizana?

JIBU: Shikeni mto Chao Phraya. Pandeni treni ya BTS hadi Saphan Taksin, mteremke gatini Sathorn, kisha boti yenye bendera ya rangi ya chungwa. Zile za watalii ni ghali zaidi. Kondakta hupita akitikisa mkebe mrefu wa chuma uliojaa sarafu, basi wekeni chenji karibu.

Shukeni Tha Chang kwa Kasri Kuu, linalofunguliwa saa 2:30 asubuhi; kiingilio kwa mgeni ni baht 500. Fikeni mapema, kabla ya mabasi ya watalii. Funikeni mabega na magoti, la sivyo mtazuiwa mlangoni. Na akitokea mtu njiani kuwaambia kasri limefungwa leo, huku ana tuktuk ya bei ya kutupa, mpiteni tu: safari hiyo huishia duka la vito.

Hekalu la Wat Pho ni jirani, mnatembea kwa miguu. Sanamu ya Buddha aliyelala ina urefu wa mita 46. Wengi hupiga picha ya uso wakaondoka. Nendeni hadi kwenye nyayo, zilizopambwa kwa ganda la chaza linalometameta.

Jua la mchana halina mzaha, pumzikeni. Alasiri vukeni kwa kivuko cha Tha Tien kwenda hekalu la Wat Arun, lakini rudini kabla ya magharibi, maana jua huzama nyuma ya mnara wake na huonekana vizuri mkiwa ng'ambo.