Mgeni akikuuliza volkano yenu iko wapi

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni Jambiani nilikuwa na hadithi moja tu ya visiwa vya matumbawe, nimeikariri neno kwa neno. Volkano inachomoza baharini, matumbawe yanaizunguka, mlima unadidimia, matumbawe yanazidi kujijenga juu yake, mwisho inabaki pete ya mwamba na maji katikati. Mzee mmoja akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akauliza kwa upole: "Na volkano yenu hapa Unguja iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Wewe unayeanza kazi hii, jua kwamba hadithi ile ni ya kweli, ila si ya hapa. Darwin, mwanasayansi Mwingereza, aliichapisha mwaka 1842. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa kisiwa cha pete cha Enewetak, kule Pasifiki, wakapita zaidi ya mita 1,200 za mawe ya chokaa ndipo wakagusa mwamba wa volkano. Mfano wa jirani ni Komoro: kisiwa cha Ngazidja bado ni kichanga, volkano yake, Karthala, ingali hai na matumbawe yake ni haba, Mayotte ni kongwe, imeshadidimia, na mwamba wa matumbawe umeizunguka kwa mbali.

Matumbawe hupanda kwa sababu ya jua. Ni wanyama, lakini mwilini mwao mna mwani mdogo sana wa rangi ya kahawia unaowalisha, nao gizani haufanyi kazi. Yale ya mabonge hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo mlima ukizama taratibu yanauwahi, ukizama upesi yanakufa.

Sisi kisa chetu ni bahari kupanda na kushuka. Subiri bamvua, maji yakipwa saa nne au saa tano asubuhi, uwapeleke wageni chini ya jabali (viatu lazima, urchini, wale wa miiba, hawana huruma). Waoneshe jiwe lenyewe: matundu ya matumbawe, makombe yaliyoganda humo. Mwamba huo ulijengeka chini ya maji. Mawe kama hayo pwani ya Kenya yamepimwa, mengi yana yapata miaka 125,000, enzi ambayo bahari ilikuwa juu ya ilipo leo kwa mita kadhaa. Maji yaliposhuka, miamba ikabaki nchi kavu, ndiyo maweni tunakolima kwa shida.

Halafu wape hili, huwashangaza kuliko yote. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa kama mita 120, na mkondo kati yetu na bara ni wa kina kidogo, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, hapa hapa Jambiani, wachimbaji walikuta mifupa ya punda milia.

Ila usiseme hivyo kwa Pemba. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Chui wa Unguja alikuja kwa miguu, Pemba hakufika.