Aulizwe mwenyewe kwanza

Ndugu uliyeuliza kama, katika utafiti wa kiafya vijijini, inatosha kumhoji mlezi pale mhusika mwenye mtindio wa ubongo asipoweza kusema, jibu langu ni kwamba haitoshi. Nimekuwa mkusanyaji wa takwimu katika vijiji vya Busoga, mashariki mwa Uganda, na kosa hilo nimelitenda mwenyewe.

Wengi wakisikia "mtindio wa ubongo" hudhani ni upungufu wa akili, ilhali jeraha hilo la ubongo, linalopatikana tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, huathiri kwanza misuli na mwendo, na wapo wasioweza kutamka neno lolote ambao hufuata kila kinachosemwa mbele yao.

Katika nyumba moja, binti wa miaka 15 alikuwa ameketishwa mkekani, ameegemea ukuta. Nilipofika kwenye swali la maumivu, mama yake alijibu upesi kwamba haumwi popote, nami nikaandika hivyo. Kabla ya kuaga nilichutama mbele ya binti, nikamwomba kwa Kisoga atazame juu kama jibu ni ndiyo, afumbe macho kama ni hapana, nikamwuliza, kisha nikanyamaza. Ilipita karibu dakika nzima, mikono yake ikikakamaa kwa jitihada, ndipo macho yakapanda. Nikataja viungo kimoja kimoja, na yakapanda tena nilipofika kwenye nyonga ya kushoto. Mama alisema, "Kumbe ndiyo maana hulia ninapomvalisha." Hakuwa amenidanganya, hakuna aliyewahi kumwonyesha njia ya kuuliza. Nyonga huteguka polepole kwa wengi wasioweza kutembea, kwa hiyo jibu nililokuwa nimeandika lilikuwa linaficha ugonjwa unaohitaji tiba.

Lawama yangu kwa mradi ule ni kwamba tulilipwa kwa idadi ya fomu, na malipo ya namna hiyo humwadhibu anayesubiri jibu.

Vilevile, msiwatafute wenye hali hii kliniki pekee, kwa kuwa huko mtawapata wale tu wenye nauli na mtu wa kuwabeba. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, wilaya za huko huko Busoga, ukachapishwa mwaka 2017, ulichunguza watoto 31,756 na kukadiria kwamba karibu 2.9 kati ya kila 1,000 wana hali hii. Kiwango kilikuwa cha chini kwa wenye umri wa miaka 8 hadi 17 kuliko kwa wadogo zao, jambo linaloashiria kwamba wengi, hasa walioathirika zaidi, hufariki mapema. Wahudumu wa afya wa kijiji ndio wanaojua ni nyumba ipi ina mtoto asiyetolewa nje, na waingie katika mpango tangu mwanzo.

Kuhusu ridhaa, saini ya mzazi ni ya lazima kwa mtoto, lakini mtoto akigeuza uso kila mnapomkaribia, hilo ni jibu, na mahojiano yakome.

La mwisho, walipeni watu wazima wenye hali hii waipitie hojaji kabla haijaenda vijijini. Kijana mmoja aliyetusaidia baadaye, akiandika kwa kidole kimoja kwenye simu, alitutaka tufute swali lililomtaka mlezi aeleze "uzito wa mzigo huu", kwa sababu, aliandika, yeye alilisikia likiulizwa akiwa amelala pale pale chumbani.