Jibu: Uhakiki wa filamu ya kutisha unageuka masimulizi

Habari ndugu. Umesema kila ukihakiki filamu ya kutisha unajikuta umesimulia hadithi nzima, na wasomaji wanalalamika umewaharibia uhondo. Anza na sauti. Chukua tukio moja lililokushtua, lirudie bila sauti, kisha lisikilize ukiwa umefumba macho. Hapo utajua hofu ilitoka wapi, na hicho ndicho cha kuandika. Katika filamu ya Alien ya 1979, mwongozaji Ridley Scott anamficha kiumbe gizani: tunaona taya, mkia, mate yanayodondoka, basi. Hilo peke yake lina aya tatu nzuri, bila kutaja nani anakufa. Hadithi ipe sentensi mbili.