Ubanikaji wa mafuta ghafi: chunga unachokiingiza kwenye fomula

Ndugu, umeuliza utumie fomula ipi kukadiria ubanikaji wa mafuta ghafi, yaani kiwango ambacho ujazo wake hupungua shinikizo linapoongezeka, ikiwa sampuli ya kisima haijapimwa maabara. Kwa mafuta ambayo bado yako juu ya shinikizo la kiputo, yaani shinikizo ambalo gesi iliyoyeyuka huanza kujitenga, mimi huanza na fomula ya Vasquez na Beggs ya mwaka 1980. Zidisha gesi iliyoyeyuka kwa 5, ongeza joto la Farenhaiti mara 17.2, toa uzito linganishi wa gesi (ukilinganishwa na hewa) mara 1180, ongeza digrii za API (kipimo cha wepesi wa mafuta) mara 12.61, toa 1433, kisha gawanya yote kwa shinikizo mara 100,000.

Kwa gesi ya futi za ujazo 500 kwa pipa, joto 180, uzito linganishi 0.75, API 32 na shinikizo la psi 3000 (pauni kwa inchi ya mraba), utapata takriban 12.3 kwa milioni kwa kila psi.

Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza, niliingiza joto la Selsiasi, 82, na jibu likashuka hadi 6.7. Namba hiyo ni ya kawaida kabisa kwa mafuta mengine, kwa hiyo sikuishuku hata kidogo, mpaka tulipokadiria mafuta yaliyomo ardhini kutokana na kushuka kwa shinikizo, yakaonekana mengi kuliko mwamba wenyewe unavyoweza kubeba. Ubanikaji ukikadiriwa chini, akiba huvimba.

Tangu hapo huwa napima kila kiingizo kabla ya kubishania fomula. Katika mfano huu, kukosea uzito linganishi kwa 0.05 hubadili jibu kwa chini ya asilimia 2, ilhali kukosea gesi iliyoyeyuka kwa futi 100 hulibadili kwa zaidi ya asilimia 13. Gesi hiyo lazima iwe ile ya kwenye shinikizo la kiputo, ikijumuisha inayotoka kwenye tangi, ambayo mara nyingi husahauliwa.

Shinikizo likishuka chini ya kiputo, usiitumie fomula hii hata kwa makadirio ya haraka, kwa sababu gesi inayojitenga huongeza ubanikaji kwa kiasi kikubwa. Hapo tumia fomula ya McCain, Rollins na Villena ya mwaka 1988.