Shangazi, mke wangu ni mtangazaji wa TV Cairo, nimempa miezi miwili achague kazi au ndoa

"Shangazi shikamoo. Mimi mtu wa Tanga, nilikuja Cairo kusoma Al-Azhar nikabaki, nikaoa Mmisri mtangazaji wa kipindi cha usiku. Tunakaa Nasr City na watoto wawili. Anarudi saa nane usiku, chakula cha jioni hali na sisi, amekonda, na mtaani naitwa mume wa fulani. Mama yake ndo anamtia kiburi, kila siku Salwa Hegazy, Salwa Hegazy. Nikamjibu huyo Salwa si alikufa akaacha watoto? Nimempa mke wangu miezi miwili. Kodi ya nyumba analipa yeye, lakini mwanaume ni mwanaume. Nishauri."

Marahaba mwanangu. Pole, ugenini upweke unauma, najua. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma namuona mkeo ndo wa kupewa pole.

Tuanze na hiyo saa nane. Studio nyingi za vituo binafsi ziko mji wa 6 Oktoba, magharibi kabisa mwa Cairo, nyie mnakaa mashariki, sasa mtu kipindi kinaisha saa sita, afute vipodozi, aage watu, avuke jiji zima na foleni zake, ulitaka afike saa ngapi? Kurasa mbili umeandika, hakuna mahali umesema hata siku moja umemngoja macho.

Na chakula. Hujaandika unachowaza ila nimekisoma, unawaza anajikondesha kwa ajili ya mtu. Mwanangu, Agosti 2016 televisheni ya taifa ya huko huko Misri iliwasimamisha watangazaji wanawake wanane mwezi mzima, wakaambiwa wakapunguze unene ndo warudi hewani. Na mkuu wa shirika wakati ule alikuwa mwanamke, Safaa Hegazy, si yule Salwa wa mkweo, aliyekuwa mtangazaji naye. Mkeo yuko kwenye kazi hiyo hiyo, akisukuma sahani pembeni anaogopa kamera, na wewe badala ya kumwambia yuko sawa alivyo unamuwekea kesi.

Sasa mama mkwe. Hapo niko upande wake kabisa. Televisheni ya Misri ilianza Julai 1960, na Salwa Hegazy ni mtangazaji wa kizazi kile cha mwanzo, alikuwa na kipindi cha watoto kinaitwa Asafir al-Janna, yaani ndege wa peponi, mkweo kama ni wa umri ninaoufikiria kalelewa na sauti ile. Mwanamke anaandika mashairi kwa Kifaransa, Umm Kulthum alipokwenda kuimba Paris 1967, miezi michache baada ya Misri kushindwa vita, Salwa ndiye aliyekuwepo kumhoji. Mama akimtajia binti yake mtu kama huyo anamtia kiburi gani?

Halafu ukasema alikufa akaacha watoto. Hapo umenikera. Februari 21, 1973 alikuwa anarudi kutoka kazini Libya, ndege ya abiria ya shirika la Libya ikapotea njia kwenye hali mbaya ya hewa ikaingia anga ya Sinai, iliyokuwa mikononi mwa Israel, ndege za kivita za Israel zikaipiga. Watu 113 walikuwemo, 108 walikufa. Na wanaume walikuwemo mle, baba za watu, mbona hujaandika kwamba wanaume waache kusafiri kikazi? Msiba wa mama wa watu umeugeuza fimbo ya kumchapia mkeo.

Vijana wa siku hizi mnanichosha. Mnampenda mwanamke kwa sababu anang'aa, mnamposa anang'aa, akishaingia ndani mnatafuta pazia la kumfunika. Ulimkuta mtangazaji, hakukuficha. Ukipenda boga penda na ua lake, na mama wa ua pia. Unalalamika kuitwa mume wa fulani, hapo Tanga mama yako kaitwa mke wa fulani na mama fulani maisha yake yote, alimwandikia nani barua? Kinachokuuma umekificha mwishoni kabisa, kodi analipa yeye. Hilo ni jambo la kutafuta kazi, Kiarabu cha Al-Azhar unacho, Kiswahili unacho, Cairo haikosi mtu wa kutafsiri. Akiacha kazi baada ya miezi miwili hiyo nyumba mtailipia na nini?

Hiyo miezi miwili ifute leo, kwa mdomo wako, sio kwa meseji. Mama mkwe mpigie umuombe radhi kwa ulilomsema marehemu. Na kesho usiku watoto wakilala usizime taa, pasha ile molokhia, mlenda wao, mkatie na mkate, akifungua mlango muulize leo mgeni wa kipindi alikuwa nani. Akikujibu kwa mkato usikasirike, ana miezi hajaulizwa.