Maswali na Majibu: Sonona ya Uzazi Haisomwi Kwenye Karatasi ya Maabara

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa wazazi na watu wanaoishi nao. Wanaouliza jinsia ya mtoto kwa kutazama umbo la tumbo, endeleeni kusubiri.

Daktari, mke wangu ana wiki saba tangu ajifungue. Analia ovyo, halali hata mtoto akilala, chakula hataki. Maabara moja mtaani imetuuzia kifurushi cha vipimo vya homoni, majibu yamejaa alama nyekundu. Ipi hapo inaonyesha sonona? – Mume, Tabata

Hakuna hata moja. Nimeitazama picha uliyotuma: projesteroni chini, estrojeni chini, prolaktini juu, na kila mstari una alama nyekundu. Mashine imemlinganisha mkeo na mwanamke asiye na mimba wala mtoto wa kunyonyesha. Anayenyonyesha lazima prolaktini yake ipande, la sivyo maziwa yatoke wapi? Hizo nyingine mbili huporomoka ndani ya siku chache kondo la nyuma likishatoka, kwa kila mzazi, anayelia na anayecheka. Umelipia habari kwamba mkeo amezaa.

Sisemi homoni hazihusiki. Mwaka 2000 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio la wanawake 16, ambao 8 kati yao waliwahi kuugua sonona baada ya kujifungua. Wote walipewa homoni za kuiga hali ya ujauzito, kisha zikakatwa ghafla. Katika wale 8 waliowahi kuugua, 5 walirudiwa na dalili. Katika wale wengine, hakuna hata mmoja. Homoni zilizopanda na kushuka zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni namna ubongo wa kila mmoja ulivyoupokea mshuko huo. Kichupa cha damu cha maabara ya mtaani hakikuonyeshi jambo hilo.

Halafu, bwana, katika barua yako yote hakuna mahali uliposema umemwuliza mkeo anajisikiaje. Machozi ya kawaida ya mzazi huja siku ya tatu au ya nne na kukoma ndani ya wiki mbili. Wiki saba ni jambo lingine. Mpeleke hospitali wiki hii, na hiyo karatasi iache nyumbani.

Kuna kipimo cha damu cha sonona baada ya kujifungua? – Wengi mno

Hakuna. Msiniulize tena kabla ya Pasaka.

Mke wangu ana siku ya sita. Halali kabisa, anaongea mfululizo, anasema mtoto kabadilishwa na anasikia sauti. Wazee wanasema tungoje arobaini iishe. – Morogoro

Huyu nilimjibu kwa simu siku ileile. Naichapisha kwa ajili ya wengine. Hakuna kungoja arobaini, wala kungoja asubuhi. Hicho ni kichaa cha uzazi. Humpata mzazi 1 au 2 katika kila 1,000, huanza ghafla, na kinaweza kumuua mama au mtoto. Mzazi asiachwe peke yake na mtoto hata dakika ya kwenda chooni. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Kinatibika, na wengi hupona vizuri. Atakayewatisha kwamba mkienda mtaishia Mirembe, mwambieni Mirembe ni hospitali.

Nasoma uuguzi. Nimekuta kwamba jeni mbili, HP1BP3 na TTC9B, zinatabiri sonona ya uzazi kwa usahihi wa asilimia 85. Mbona hatufundishwi? – Moshi

Swali zuri, hatimaye. Kazi hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, 2013. Hawakutafuta jeni mbovu. Walitazama alama za kikemia zinazobandikwa juu ya jeni hizo na kuzipunguza au kuziongeza nguvu, wakikisia kwamba ndiyo njia estrojeni inavyomgusa mwenye ubongo mwepesi kudhurika. Wazo lina mashiko, ila wanawake waliopimwa walikuwa wachache.

Sasa chukua kalamu. Wazazi 100, tuseme 15 wataugua. Kipimo kinachopatia asilimia 85 kwa wagonjwa na kwa wazima kitawakamata wagonjwa 13 hivi. Katika wazima 85, kitawanyooshea kidole wengine 13. Yaani ukimwambia mama "kipimo kimekuonyesha", nusu ya unaowaambia hivyo unawatisha bure. Hesabu hii ifanye kila unapoona asilimia ya kupendeza gazetini.

Kumbuka pia homoni ya CRH itokayo kwenye kondo. Mwaka 2009 watafiti wa California walisema wingi wake katika wiki ya 25 ya mimba unabashiri sonona. Watafiti wengine walipojaribu kwa wanawake wengine, matokeo hayo hayakujirudia. Nako Toronto, mwaka 2010, picha za ubongo zilionyesha kimeng'enya cha MAO-A, kinachovunja kemikali za hisia, kimepanda kwa wastani wa asilimia 43 kati ya siku ya nne na ya sita baada ya kujifungua. Lakini hao walikuwa wazazi wazima! Kwa hiyo alama ya kibiolojia inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikusaidie kumtenga mgonjwa na mzima.

Niko mwezi wa tano tangu nijifungue. Kwanza nilikonda, moyo ukawa unadunda. Sasa nimenenepa, nahisi baridi, nachoka, sina raha. Nimepewa dawa ya sonona bila kupimwa chochote. – Mama, Kahama

Wewe ndiye wa kupimwa, na ndiye hukupimwa. Ajabu ya nchi hii. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, huvurugika baada ya uzazi kwa wanawake karibu 5 hadi 10 katika 100: huanza kwa kukimbia, kisha inazembea, na ikizembea mtu huonekana ana sonona. Omba kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo. Omba na wingi wa damu, hasa kama ulivuja sana ulipojifungua, maana damu ikipungua nayo huleta uchovu na huzuni. Vipimo hivyo havioneshi sonona. Vinaonyesha kitu kingine kinachojifanya sonona au kilichoandamana nayo. Dawa uliyopewa usiiache ghafla.

Enzi zetu hakukuwa na sonona. Mzazi alikandwa, akanywa uji wa pilipili manga, akatoka arobaini anang'aa. – Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Ilikuwapo. Waganda walikuwa na jina la ugonjwa wa akili wa mzazi, amakiro, na walisema chanzo ni uzinzi wakati wa mimba. Ungekuwa wewe, ungesema unaumwa? Daktari Mwingereza John Cox aliwachunguza wazazi wa Uganda miaka ya 1970. Mwaka 1987, akiwa Scotland na wenzake, akatoa yale maswali 10 ya Edinburgh ya kumtambua mzazi mwenye dalili za sonona, yanayotumika duniani kote mpaka leo.

Lakini kukandwa na kupikiwa kusidharauliwe. Kule Pakistani, wahudumu wa afya wa vijijini, wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea wazazi wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu. Matokeo yalitoka 2008: mtoto alipotimiza miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Kwa hiyo bibi, endelea kupika uji, ila ukae usikilize, na ule usemi wa "sisi tulizaa kumi" uuache mlangoni.

Nipo Minnesota. Niliandikiwa zuranoloni, dawa ya sonona ya uzazi, baada ya kujifungua na nimebakiza vidonge. Nimtumie dada yangu Mwanza? – Msomaji

Hapana. Kwanza, dozi ni ya siku 14, kwa hiyo kama umebakiza, hukumaliza. Mwambie daktari wako. Pili, dawa hiyo, iliyoruhusiwa Marekani 2023, inaiga alopregnanoloni, zao la projesteroni linalotuliza ubongo. Humezwa jioni kwa chakula chenye mafuta, na husinziisha kiasi kwamba hutakiwi kuendesha gari kwa saa 12. Sasa dada yako ameze mabaki yako, alale na kichanga pembeni, bila anayemsimamia? Mwanza kuna hospitali, na kuna dawa za sonona zilizozoeleka tangu zamani kama sertralini, ambayo hupenya kidogo sana kwenye maziwa. Tuma nauli.

Hayo maswali 10 ya Edinburgh, mume anaweza kumwuliza mkewe? – Mbagala

Anaweza, mama mkwe akiwa hayupo chumbani. Yanahusu siku saba zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Akifika 10, nendeni kliniki; 13 na zaidi, msichelewe. Swali la kumi linauliza kama amewaza kujidhuru. Hapo usimkatize na usimwambie "usiseme hivyo". Akijibu chochote zaidi ya "kamwe", hata jumla ikiwa ndogo, mnaondoka leo.